Pikipiki Kuukuu Ikigoma, Usikimbilie Kununua Kabureta

Kusi linapovuma na bahari ya Chale kuchafuka, si ngalawa pekee zinazovutwa pwani na kuegemezwa chini ya minazi. Pikipiki nazo hupumzishwa. Mvuvi asiye na samaki wa kupeleka Ukunda hana haja ya kuchoma petroli bure, kwa hiyo chombo chake hufunikwa gunia nyuma ya nyumba, petroli ingali ndani ya kabureta, kikakaa hapo wiki baada ya wiki kikinywa hewa ya chumvi. Kaskazi linapoingia mwishoni mwa mwaka na bahari kutulia, mwenyewe hulifunua gunia, akapiga kiki mara ya kwanza, ya pili, ya ishirini. Kimya.

Hapo ndipo msafara wa mafundi unapoanza. Wa kwanza atauza plagi. Wa pili atasema kabureta imekufa. Wa tatu atatikisa kichwa na kutamka neno moja tu, "koili", kwa sauti ya daktari anayetoa habari mbaya. Sisemi kwamba hao ni wezi, la hasha. Wengi wao ni watu waaminifu wanaofanya kazi juani bila vifaa, na mteja mwenyewe huwasimamia kichwani akidai jibu papo hapo. Lakini kukisia si kupima, na anayelipia makisio ni mwenye pikipiki.

Msomaji mpendwa, pikipiki ninazozizungumzia hapa si hizi za bodaboda zilizojaa kila kichochoro tangu serikali ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008. Ni zile za nyikani, ndefu za miguu, zenye matairi ya meno makubwa na bomba la moshi lililopandishwa juu lisiguse maji: Yamaha DT, Yamaha AG100, Suzuki TS na Honda XL. Aghalabu zilianza maisha yao mikononi mwa maafisa wa kilimo, mifugo na afya, zikapigwa mnada zilipochoka, na hadi leo bado zingalipo vijijini kwa sababu njia za mchanga na mawe ya matumbawe kati ya Kinondo, Chale na Gazi zazifaa kuliko barabara ya lami.

Injini ya petroli, iwe ya lori au ya pikipiki, hudai mambo matatu: mchanganyiko wa hewa na petroli kwa kipimo chake, mbano wa kutosha ndani ya silinda, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Kipimo cha mchanganyiko ni karibu gramu 15 za hewa kwa gramu moja ya petroli. Kazi hiyo hufanywa na kabureta bila umeme wala pampu. Hewa inapopita mahali palipobanwa huongeza mwendo, nguvu yake ya kusukuma ikapungua, na petroli ikanyonywa kutoka katika tundu dogo na kunyunyizwa kama manukato. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kunyunyiza mwaka 1893, na mwanafunzi wa sekondari anayelalamika kwamba somo la fizikia halina faida nyumbani na aifungue moja ajionee mwenyewe.

Cheche nayo ina historia yake. Mwaka 1902 Gottlob Honold, mhandisi katika karakana ya Robert Bosch huko Stuttgart, alikamilisha magineto ya umeme mkali iliyoweza kurusha cheche kwenye plagi bila kutegemea betri. Ndiyo maana pikipiki nyingi za aina hii huwaka hata betri ikiwa imekufa au haipo kabisa.

Basi injini ikigoma, swali la kwanza ni moja: imekosa petroli au imekosa cheche? Jibu liko kwenye plagi, na halihitaji pesa.

Piga kiki kama mara kumi, kisha vua plagi papo hapo uitazame. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, basi petroli imefika na shaka yako ielekee kwenye cheche. Ikiwa kavu kabisa, petroli haikufika, na hata ukinunua koili mpya kutoka Japani haitakusaidia kitu. Kisha ipime cheche yenyewe. Ichomeke plagi kwenye kofia ya waya wake, ulaze chuma chake juu ya chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, ufunike tundu hilo kwa kitambaa ili mvuke wa petroli usishike moto, uishike kwa koleo lenye mpini wa mpira, na mwenzako apige kiki. Fanya hivyo kivulini, maana juani hutaona lolote. Cheche yenye afya ni ya buluu, nene, na hulia "ta, ta, ta". Ile ya manjano, nyembamba kama uzi, huenda ikaonekana nje lakini ikashindwa ndani ya silinda, kwa kuwa hewa iliyobanwa ni ngumu zaidi kupitisha umeme.

Kuna kipimo cha tatu ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Tia matone machache tu ya petroli kwenye tundu la plagi, uondoe chupa ya petroli uiweke mbali, urudishe plagi, upige kiki. Injini ikiitika, ikanguruma sekunde mbili tatu kisha ikafa, umepata hukumu: cheche ipo na wakati wake unatosha, mbano upo, na kosa liko upande wa petroli. Isipoitika hata kidogo, rudi kwenye cheche.

Haya yote yaonekana mepesi pikipiki inapokataa kuwaka nyumbani. Ugumu uko kwa ile inayowaka vizuri asubuhi kisha ikakuacha njiani.

Chukua kisa cha kijana mmoja wa upande wa Chale. Miongoni mwa Wadigo, zamani mpwa ndiye aliyerithi mali ya mjomba wake, kabla mirathi ya Kiislamu haijashika nafasi hiyo. Kijana huyu alirithishwa Yamaha DT125 mjomba angali hai, pamoja na dhambi zake zote. Ndiyo iliyopeleka ndoo za samaki Ukunda kabla jua halijapanda, na karo ya binti wa mjomba katika shule ya upili ilitoka humo. Ilikuwa ikiwaka bila tabu, ikaenda kilomita tatu nne, kisha ikakohoa na kuzima. Ukingoja nusu saa, huwaka tena kama kwamba haikufanya lolote. Samaki hawangoji nusu saa. Kijana alikwisha kununua plagi mbili na kabureta mpya ya kuiga, na sasa alikuwa akikusanya pesa za koili. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye alikuwa ameshataja bei yake.

Yeyote anayejua pikipiki kidogo atasema koili, na ana sababu. Koili au kondensa iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi, hushindwa ikipata moto, na hurejea ikipoa. Lakini mzee mmoja, fundi aliyestaafu, alimwambia kijana waende pamoja hadi pale inapozimia. Ilipozima, kijana akanyanyua mguu.

"Usiiguse kiki, mjukuu wangu. Nivulie plagi."

"Si tungoje ipoe kwanza, babu?"

"Ikipoa itatuficha. Vua sasa hivi."

Plagi ilikuwa kavu. Walipoijaribu, cheche ikatoka ya buluu, nene, injini ikiwa moto wa kuunguza. Koili ikaachiliwa huru hapo hapo. Mzee akafungua kifuniko cha tangi, na hewa ikaingia kwa sauti, "fyuuu". Akakirudisha bila kukikaza, wakawasha, na pikipiki ikaenda hadi Ukunda bila kukohoa.

Katika kifuniko cha tangi mna tundu dogo la kupumulia. Petroli inaposhuka lazima hewa iingie kushika nafasi yake, vinginevyo tangi huanza kujinyonya lenyewe hadi petroli ikakataa kushuka. Ukingoja nusu saa, hewa hupenya polepole, kabureta ikajaa, na wewe ukadhani ni koili iliyopoa. Na ni nani aliyeliziba tundu hilo? Mjomba. Aliipaka pikipiki yote rangi iliyobaki ya mashua ili kuikinga na chumvi, akapitisha brashi na juu ya kifuniko. Kazi nzuri kabisa ya rangi.

Jambo ninalotaka msomaji ashike katika kisa hicho ni saa ya kupima. Mgonjwa hupimwa homa ikiwa imempanda. Pikipiki inayozima ikipata moto haina budi kupimwa pale pale inapozima, kabla haijapoa, hata kama ni porini na mvua imetanda. Beba spana ya plagi na koleo chini ya kiti, basi.

Hata hivyo, pikipiki kuukuu haina ugonjwa mmoja. Ile DT ilipoacha kuzima njiani, ikabaki ikitoa moshi mweusi na kukataa kunguruma taratibu ikiwa imesimama. Hilo lilitoka kwa kabureta ya kuiga, iliyokuwa na jeti kubwa kuliko injini ilivyohitaji. Kabureta inaweza kuingia vizuri kwenye bomba lake na bado isiwe ya injini hiyo. Ile ya zamani ilikuwa imetupwa ndani ya kopo la misumari. Haikuwa na kosa ila uchafu.

Tuingie sasa ndani ya kabureta. Petroli ikikaa miezi, sehemu zake nyepesi huruka, kinachobaki kikawa gundi ya rangi ya asali. Kwenye pikipiki ambayo oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi, hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa petroli huondoka na oili ikabaki. Gundi hiyo huanza kuziba tundu lililo dogo kuliko yote, nalo ni la jeti ndogo, ile inayoilisha injini ikiwa inanguruma taratibu. Kwa hiyo ukisikia pikipiki yaenda vyema ikivutwa mafuta lakini hufa ukiachilia, au huwaka kwa choki pekee, usihangaike na jeti kubwa. Mtuhumiwa ni jeti ndogo.

Funga bomba la petroli, legeza kabureta, ifungue juu ya sinia jeupe ili vipande visipotee mchangani. Ndani ya bakuli utakuta boya, na kazi yake waijua: likielea juu husukuma sindano na kufunga petroli, likishuka hufungua. Ikiwa petroli humwagika kutoka kabureta wakati pikipiki imesimama, ama boya limetoboka na kuingia petroli, ama ncha ya sindano imelika, ama uchafu umekaa kati ya sindano na kiti chake. Litikise boya karibu na sikio. Likisikika maji ndani, limetoboka.

Jeti zisisafishwe kwa waya wa chuma. Jeti ni ya shaba, waya ni mgumu kuliko shaba, na ukikwaruza tundu hilo umebadilisha kipimo chake milele. Pwani tuna dawa iliyo bora kuliko ya dukani, nayo ni mshipi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba kabisa. Loweka jeti kwenye petroli safi usiku kucha, pitisha mshipi taratibu, kisha puliza kwa pampu ya baiskeli. Ielekeze mbinguni: ukiona duara kamili la mwanga, imepona. Njia ndogo zilizomo katika mwili wa kabureta zipulizwe pia, kila moja, mpaka uhisi hewa ikitoka upande wa pili. Ukiona unga mweupe ndani ya bakuli, hiyo ni chumvi na maji yanayokula chuma, na kabureta iliyolika namna hiyo hasa kwenye kiti cha sindano haitakaa sawa tena. Hapo kununua ni halali.

Skrubu ya kurekebisha nayo huwakanganya wengi. Izungushe ndani polepole hadi iguse, usikaze, kisha irudishe nje mzunguko mmoja na nusu. Hapo ndipo pa kuanzia kwa kabureta nyingi. Ikiwa skrubu imekaa upande wa chujio la hewa, inatawala hewa, na kuiingiza huongeza utajiri wa petroli. Ikiwa iko upande wa injini, inatawala petroli, na kuiingiza huipunguza. Mtu asiyejua tofauti hiyo aweza kuzungusha kutwa akiifukuza pikipiki yake mwenyewe.

Baada ya mwendo wa kilomita kadhaa plagi itakueleza kama umefaulu. Rangi ya kahawia kama maganda ya karanga ni njema. Nyeusi yenye masizi ni petroli nyingi au chujio la hewa lililojaa vumbi. Nyeupe kama chokaa ni hatari: hewa imezidi, injini inaungua. Kwenye injini za mapigo mawili, kama DT na AG100, hewa ya ziada hupenya pia kwenye sili za shafti zilizolika. Kabureta husingiziwa bure, na pistoni ikaja kukwama.

Nirudi kwenye cheche. Pikipiki za zamani zaidi hutumia pointi, vijipande viwili vya chuma vinavyofunguka na kufungana chini ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku. Mwanya wake aghalabu ni kati ya milimita 0.3 na 0.4. Msasa usitumike, maana huacha punje zake katikati; tumia tupa laini, kisha vuta karatasi safi ngumu kati yake hadi itoke bila alama. Pointi zikiungua tena baada ya siku chache, na unaona cheche kubwa zikirukaruka katikati yake, kondensa imekufa. Ni kifaa cha bei ndogo kinachoua biashara kubwa. Flaiwili ising'olewe kwa nyundo. Ina kifaa chake cha kuivutia, na fundi asiyenacho akaombe kwa mwenzake.

Zilizofuata ziliacha pointi zikatumia CDI, kisanduku kilichofungwa ambacho hakirekebishwi. Kwa kuwa hakionyeshi kitu, ndicho husingiziwa kila cheche ikikosekana, nacho ni ghali. Kabla hujakishtaki, chomoa waya unaotoka kwenye swichi ya kuzimia injini, kisha pima cheche upya. Ukanda wetu huu wa chumvi hula ndani ya swichi, au waya wake ukachunika kwenye shingo ya usukani, na umeme wote ukakimbilia kwenye chuma. Cheche ikirudi, umepona kwa bei ya utepe wa gundi. Tazama pia pale koili inapofungwa kwenye fremu. Kutu au rangi hapo (naam, rangi ya mashua tena) huzuia umeme usirudi. Kwangua hadi chuma king'ae, kaza, paka grisi juu. Kisha kata ncha ya waya wa plagi kiasi cha ukucha mmoja, uizungushe upya kofia yake, kwa sababu ncha hiyo huliwa na kutu ya kijani kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu petroli yenyewe sitasema mengi. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa Septemba 2018 ili kuwakomesha waliokuwa wakiyachanganya na mafuta ya magari, hivyo tatizo lilikuwa la kweli. Mafuta ya chupa ya kando ya njia bado ni bahati nasibu. Tone moja la petroli safi kwenye karatasi hukauka bila kuacha kitu. Likiacha doa la mafuta, na pikipiki hiyo haina desturi ya kuchanganyiwa oili, kuna jambo.

Zikiisha siku za kaskazi na kusi likaanza kunusa, funga bomba la petroli injini ikiwa inanguruma na uiache hadi ife yenyewe. Legeza skrubu ya chini ya bakuli, mimina kilichobaki kwenye chupa ya kioo, uikaze tena. Vua plagi, tia kijiko kimoja cha oili, piga kiki mara mbili kwa upole waya wa plagi ukiwa umegusishwa kwenye chuma, rudisha. Funika kwa shuka kuukuu badala ya karatasi ya plastiki, ambayo hufungia unyevu ndani. Na ile chupa ya kioo iache mezani hadi asubuhi uitazame juani: maji, kama yapo, hukaa chini yakiwa madonge kama shanga, na ukiyaona, tangi lote lishushwe na kuoshwa kabla ya kuwashwa tena.